Mbili za Udongo, Tatu za Watu

Mwaka jana walinijia vijana watatu wa chuo, na kamera na madaftari, wakasema wanatafuta historia ya ile reli ya mlimani. Niliwapa chai kwanza, maana walikuwa wametoka Nakuru mjini na jua lilikuwa kali, halafu nikawapandisha mwenyewe. Nusu ya njia walikuwa wanahema, na mimi na haya magoti yangu nimewaacha nyuma. Tulipofika juu mmoja akaniuliza, "Shosho, reli ilikuwa upana gani?" Ala! Kwani mimi nilikuwa mpima reli? Nilikuwa nashona magunia na kugonga chuma. Nikamwambia upana wake ulikuwa hatua yangu moja, hatua ya siku zile si ya leo, naye akaandika hivyo hivyo bila kucheka.

Hakuna mengi ya kuonyesha. Reli zenyewe zilikwenda zamani. Nyingine ziliuzwa kama chuma chakavu, nyingine zimekuwa nguzo za mageti na za matangi ya maji. Ukitembea upande huu wote wa juu ya Lanet utaona geti la mtu limesimama kwa kipande cha reli, na mwenye geti hajui kilitoka wapi. Mataruma, yale magogo yaliyobeba reli, tuliyapasua kuni, na yaliyokuwa mazima yakafanywa mabenchi ya kanisa. Kilichobaki ni ule mkato mrefu kwenye ubavu wa mlima, umeota vichaka vya leleshwa, na juu kabisa kuna kitako cha saruji chenye vyuma vinne vinene vimechomoza. Vijana walipanda juu ya kile kitako wakapigana picha. Mimi sikupanda. Nilisimama kando nikawaambia washuke, wakadhani naogopa wasianguke.

Historia waliyoitaka niliwapa. Mzungu wa kwanza alikuja kutafuta dhahabu, akachimba, akapata udongo mweupe. Ulikuwa mwepesi, laini kama unga wa ngano, na tuliambiwa huko ulikokwenda walichujia bia na sukari. Mwanzoni aliubebesha maksai mpaka chini kwenye reli kubwa. Maksai wakafa na ugonjwa. Basi akanunua reli kuukuu, zile zilizong'olewa wakati reli kubwa ilipobadilishwa njia, akazilaza kwenye mteremko. Hakukuwa na injini. Juu paliwekwa pipa kubwa la chuma linalozunguka, limeviringishiwa kamba ya waya. Toroli lililojaa lilishuka kwa uzito wake, likavuta toroli tupu lipande. Kitu pekee kilichozuia uzito ule usiende wazimu kilikuwa breki, mti mrefu uliobana lile pipa kwa mapande ya mbao, na mtu mmoja wa kuulalia kwa kifua.

Mtu huyo alikuwa mume wangu.

Kibanda chake cha breki kilikuwa nyuma ya tuta la udongo, hakuweza kuona pale tulipokuwa tukipakia. Kwa hivyo tulizungumza naye kwa chuma. Kipande cha reli kilining'inizwa kwa waya kwenye kigingi, na mimi ndiye niliyekigonga kwa nyundo. Mara moja, simamisha. Mara mbili, udongo unashuka. Mara tatu, kuna watu ndani. Mbili za udongo aliachilia breki, toroli likaenda mbio, maana magunia hayana mifupa na meneja alitaka safari nyingi kwa siku. Tatu za watu alilibana pole pole, mbao zikalia mlima mzima, na kila mtu alijua leo kuna mgonjwa anateremshwa ama meneja mwenyewe amechoka kutembea.

Sheria hiyo ya tatu iliwekwa kwa sababu ya kona. Katikati ya mteremko reli ilipinda kufuata mwamba. Toroli lenyewe halikuwahi kutoka relini, lakini kilichokuwa ndani yake kiliruka. Wanaume wawili waliwahi kudandia toroli la udongo ili wawahi treni ya Nakuru, wakaokotwa chini ya kona wakiwa wamekufa. Magunia ya juu yaliruka kila siku, yakapasuka kwenye mawe, hata sehemu ile ya mlima ikawa nyeupe mwaka mzima. Ukiwa Lanet chini ulikuwa unaiona.

Haya yote niliwaambia vijana, wakashukuru, wakaondoka. Ninalolisema sasa sikuwaambia. Sijui ningeanzia wapi, na chai ilikuwa imeisha.

Ilikuwa ni ile miaka ya Hali ya Hatari. Sisi Wakikuyu wa Bonde la Ufa tulitakiwa kila mmoja awe na kitabu cha ruhusa ya kufanya kazi, tulikiita pasibuku, chenye picha na muhuri wa mwajiri. Mimi nilikuwa nacho, mume wangu alikuwa nacho. Mama yangu hakuwa nacho. Alifukuzwa kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro, yeye aliyepalilia pareto pale tangu mimi sijazaliwa, siku ile ile waliyomchukua baba. Baba walimpakia kwenye lori na wanaume wengine kwenda kuhojiwa, na mpaka leo hakuna aliyetuambia alizikwa wapi. Mama alitembea kwa miguu akipita vichakani, akatufikia akiwa na blanketi moja na kile kifua chake cha kukohoa.

Basi tangu hapo niliishi na hofu moja tu. Watu wananiambia, shosho, siku hizo mliogopa mambo mengi. Mengi ya wapi! Mimi niliogopa lori. Niliogopa litapanda ile barabara ya laini, zile nyumba zetu za wafanyakazi, litamkuta mama bila pasibuku, atapandishwa kama baba alivyopandishwa, na mwanamke mwenye kifua kile hangemaliza hata wiki mahali walikokuwa wanawalaza chini kwenye matope. Nikisikia gari lolote linabadilisha gia huko chini, naacha kila kitu natoka kuangalia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikawa nakwenda choo kama mtoto mwenye kuhara.

Kumwacha nyumbani ilikuwa hatari zaidi, kwa hivyo nilikuja naye kazini. Usishangae. Pale kwenye banda la kushonea, kila mwanamke alikuwa mweupe kutoka kichwani hadi miguuni kwa ule udongo, nyusi nyeupe, kope nyeupe, huwezi kumtambua hata dada yako mpaka acheke. Mama alijipaka akakaa katikati yetu na sindano ya gunia. Alishona haraka kuliko sisi wote, na magunia yake tuliyagawa kwenye hesabu zetu. Mnyapara alijua. Alipita siku ya tatu, akasimama, akaangalia ile mikono ya mama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu mimi sijamuona. Lakini siku wakikuja, mama, mimi ni mtu ya kujibu maswali. Nikiulizwa nitajibu." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga kama mimi, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na filimbi.

Karibu yangu alifanya kazi mama mmoja Mluhya, mpana wa mabega, ambaye kwa kabila lake hakuhitaji pasibuku. Ndiye aliyeleta wazo la toroli. Alisema siku wakija, barabara itakuwa imefungwa na vichaka vitakuwa na askari, lakini toroli litaendelea kushuka, maana meneja hakubali treni iondoke bila mzigo wake hata dunia ikiungua. Mama alale chini, magunia yawekwe juu. Huko chini mpokeaji wa matoroli alikuwa fundi mmoja Kalasinga, Mhindi wa kilemba, mtu wa maneno machache, ambaye hakuwa na haja na askari.

"Lakini ongea na bwanako," akaniambia. "Mkubaliane. Ukigonga mbili pole pole, moja, halafu unyamaze, halafu nyingine, yeye ajue ni mtu, ashike breki. Wengine wasijue."

Ilikuwa akili nzuri kabisa. Na mimi sikuongea na bwanangu.

Nitaeleza kwa nini, na kama wewe si mtu wa kwetu utaniona mjinga. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawachezi. Mume wangu tangu mama afike hakuwahi kukaa naye chumba kimoja. Chakula alikula nje mlangoni, akipita aliangalia kando, akitaka kumsalimia alinisalimia mimi kwa sauti kubwa ili mama asikie. Na nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja tu, kwa hivyo alilala kwa rafiki yake wa laini ya pili kwa majuma matano, bila kunung'unika hata kidogo. Sasa niende nimwambie mtu kama huyo, sikia, mama mkwe wako atalala kifudifudi ndani ya toroli, magunia yamekalia makalio yake, na wewe ndiye utamteremsha? Kila nikifungua mdomo nasema habari nyingine. Nilisema nitamwambia Jumapili. Jumapili ikapita, nikasema ile nyingine. Nilimwogopa askari na lori lake, lakini kumbe aibu ilikuwa imenishika zaidi, na sikujua.

Walikuja siku ya Jumanne, saa sita mchana, wakati tunafungua chakula. Mwenzangu Mluhya ndiye aliyeona vumbi kwanza. Malori mawili. Moja lilisimama kwenye laini, na tulisikia milango ya mabati ikipigwa mateke, mmoja baada ya mwingine, wakikaribia nyumba yangu. La pili halikusimama. Lilikuja moja kwa moja kwetu.

Nasema ukweli, nilikaa chini. Ni mama aliyesimama. Alipigapiga sketi yake, akatembea mpaka kwenye toroli lililokuwa limejaa nusu, bila kukimbia, akaingia kama mtu anayeingia kwenye birika la kuogea. Akalala. Nilimwona akijifunika mdomo kwa kitambaa cha kichwa, kwa sababu ya kikohozi. Yule mama Mluhya alibeba gunia la kwanza akamwekea juu ya miguu, la pili mgongoni, la tatu, la nne. Aliyapanga kama mtu anayepanga mahindi stoo, uso wake haukuonyesha chochote. Wanawake wengine waliangalia chakula chao.

Lori lilifika askari wakaruka. Walikuwa na homugadi pamoja nao, wale raia waliopewa bunduki na serikali, na hao ndio niliowaogopa kuliko wote, maana walitujua kwa sura. Wakatupanga chini kwa mistari, miguu imenyooshwa, pasibuku zimewekwa juu ya kichwa. Mnyapara akaja mbio na filimbi yake shingoni. Nyuma yake akaja meneja, uso mwekundu, akapiga kelele kwamba treni iko chini inangoja mabehewa mawili na yeye hana habari na msako wa mtu. Waliongea Kizungu na afisa wa askari. Walikubaliana kitu. Afisa akaninyooshea kidole.

"Wewe ndio ya chuma?"

"Ndiyo, bwana."

"Simama. Endelea na kazi."

Nikasimama. Askari mmoja akaambiwa asimame nami. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mtu wa kaskazini nafikiri, na Kiswahili chake kilikuwa kizito. Aliangalia toroli. Aliangalia kile chuma kilichoning'inia. Ninaapa hakuwa na ubaya wowote, alikuwa tu mtu anayependa kujua vitu. Akamwuliza mnyapara, "Hii chuma ni ya nini?"

Na mnyapara, kwa sababu alisema atajibu akiulizwa, alijibu. "Afande, hii ndio simu yetu. Mbili ni ya udongo, inaenda haraka. Tatu ni ya watu, inaenda pole pole." Halafu aliniangalia mara moja tu, na nikaona kwamba ametambua nani hayupo kwenye mistari. Uso wake ukawa kijivu chini ya vumbi. Nafikiri angetaka kumeza yale maneno, lakini yalikuwa yametoka.

"Tatu ya watu," askari akarudia, kama mtoto anayejifunza. Akatabasamu. "Basi gonga, mama."

Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Nataka mnielewe vizuri, kwa sababu nimekaa na jambo hili tangu nikiwa msichana na sasa sina meno. Nikigonga tatu, toroli litatolewa magunia hapo hapo, mama atavutwa nje, na mimi na mume wangu na huyu mama Mluhya tutapandishwa lori moja naye. Nikigonga mbili, mume wangu ataachilia breki, na mama atafika kwenye kona kwa mwendo wa udongo. Nilijaribu kukumbuka ile ya pole pole. Lakini mume wangu hakuijua, nilikuwa sijamwambia! Ningegonga moja nikanyamaza, angedhani ni ya kusimamisha. Askari naye angeuliza kwa nini.

Toroli lilikuwa kimya. Gunia moja la juu lilikuwa linapanda na kushuka kidogo, kidogo sana, kwa pumzi yake. Mimi nililiona. Nilifikiri kila mtu analiona.

Kama nilimfikiria mama au nilijifikiria mimi, sijui. Nimejiuliza mara nyingi. Wakati mwingine najibu hivi, wakati mwingine vile, kutegemea nimelala vipi.

Nikagonga. Moja, mbili. Zilitoka haraka kama siku zote, mkono ulikuwa umezoea.

Nyuma ya tuta nilisikia breki ikiachiliwa, ule mlio wa mbao kuachana na chuma. Kamba ikakaza. Toroli likaanza, kwanza kama halitaki, halafu likapata mteremko. Nilitembea nalo hatua mbili tatu, sijui kwa nini, mpaka askari akanishika bega. Likazama chini ya ukingo. Nikabaki na kamba tu, inakimbia, inatetemeka, ina grisi nyeusi.

Kamba hiyo ilikuwa inakwambia mambo kama unaijua. Toroli likifika kwenye kona, kamba inaruka juu na kupiga ardhi mara moja, paa! Nilihesabu. Ikaruka ikapiga, na huko chini, upande wa mwamba, nikaona wingu jeupe likifumuka. Gunia limepasuka. Au magunia mawili. Wingu lilikuwa kubwa kuliko la kawaida, likakaa hewani, na upepo haukuwepo wa kuliondoa. Mama yule Mluhya, ambaye hawakumpanga chini kwa kuwa hakuhitaji pasibuku, alikuwa amesimama mbele yangu na mikono juu ya kichwa, kama tunavyofanya kwenye msiba, halafu akakumbuka askari, akaishusha, akajifanya anajikuna.

Kazi yetu ilikuwa na kanuni nyingine. Toroli likifika chini salama, fundi aligonga chuma chake mara moja, tukasikia. Kwa kawaida ilikuwa mara tu kamba inaposimama. Kamba ikasimama. Toroli tupu likatokea juu mbele yetu, linang'aa ndani, halina kitu. Na chini hakukugongwa.

Askari walikuwa wanapita kwenye mistari wakifungua pasibuku. Wanaangalia picha, wanaangalia uso, wanafuta vumbi usoni mwa mwanamke kwa kidole gumba, wanaangalia tena. Nilisikia mmoja akicheka. Mkojo ulinitoka, nikauacha utoke, udongo mweupe uliunyonya haraka na hakuna aliyeona. Nilisali. Sikusali maneno, nilisema tu gonga, gonga, gonga, Fundi, nakuomba, gonga. Mnyapara aliweka filimbi mdomoni akaitoa bila kupiga. Toroli tupu lilihitaji kupakiwa, nikaanza kulipakia, nikiinua gunia sijui ni la nini, na yule askari mrefu akanisaidia kulinyanyua. Alinisaidia! Nilitaka kumuuma.

Halafu ikaja. Mara moja, kutoka mbali chini, kama mtu anayegonga sufuria kwa jirani.

Lakini fundi alikuwa anagonga kwa ajili ya toroli. Hakukuwa na mlio wa kuniambia kwamba aliyekuwa ndani yake yu mzima. Niliendelea na kazi mpaka saa kumi na moja nikiwa sijui. Walichukua wanawake wawili siku hiyo ambao mihuri yao ilikuwa ya zamani, wakawapandisha, na mmoja alimwachia mwenzetu mtoto wa mgongoni. Yule mtoto alilia mchana kutwa. Mimi niliendelea kugonga. Mbili, mbili, mbili.

Filimbi ya kufunga kazi ilipopigwa nilimfuata mume wangu nyuma ya tuta, na ndipo nikamwambia. Yote, kwa pumzi moja, na ile aibu sikuikumbuka hata chembe. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa cha mafuta. Aliendelea kuifuta. Akaniuliza, "Lipi?" Nikamwambia la saa sita na nusu. Akakaa chini juu ya ule ule mti wa breki. Alisema, "Hilo niliachilia kabisa. Meneja alikuwa amepiga kelele, nikaliachilia kabisa." Hakunigombeza. Ningetaka anigombeze. Kutoka kesho yake hakuweza tena kuachilia toroli lolote, alibana yote, ya udongo na ya watu, mpaka meneja akamtukana akamrudisha kwenye sururu, na alichimba udongo miaka yote iliyobaki bila kuniambia neno juu ya siku ile.

Tulishuka pamoja kwa miguu tukikanyaga taruma baada ya taruma. Tulipofika kwenye kona hakuna aliyesimama. Niliangalia chini upande wa mawe mara moja tu. Kulikuwa na magunia matatu yaliyopasuka, na hakukuwa na mtu, na hapo ndipo nilipoanza kukimbia.

Fundi alikuwa amefunga stoo yake kwa kufuli. Alituona, akaangalia upande wa stesheni, akafungua, akanisukuma ndani mimi peke yangu. Baadaye alimpeleka mama Nakuru kwa gari lake mwenyewe, mama akakaa jikoni kwa mke wa fundi akiitwa yaya mpaka mambo yalipotulia, na hakuna siku hata moja fundi alitaka shukrani. Lakini hayo ni ya baadaye.

Mama alikuwa amekaa juu ya roda ya kamba, amefungwa mkono kwa kitambaa cha kilemba cha fundi, na ubavu mmoja alikuwa ameushikilia. Alikuwa mweupe wote, hata ndani ya masikio. Alikuwa na kikombe cha chai kwenye ule mkono mwingine. Nilimwangukia miguuni nikalia kwa sauti, akaniambia ninyamaze, watu watasikia. Nikamshika magoti, nikamshika uso, nikamwuliza wapi panauma. Alisema mkono umevunjika, lakini fundi ameunyoosha. Akanywa chai. Halafu akaniangalia.

"Nilisikia ya kwanza," akasema. "Nikasikia ya pili. Nikangoja."

Nikamwambia mama, askari alikuwa hapa, hapa karibu na bega langu, na mnyapara alikuwa amemwambia, alijua ya tatu ni ya nini. Nilimwambia habari za ile ya pole pole, na bwanangu, na Jumapili zile zote. Nilisema haraka haraka, maneno yanaangukiana. Aliniacha nimalize.

"Najua," akasema. "Ungegonga ya tatu wangenitoa, na wewe wangekuchukua. Ulifanya vizuri, mwanangu." Aliweka kikombe chini. "Lakini nilingoja."